Mchongoma wa theluji: fowili hukupandisha, tairi ndilo hukushusha

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi, mwezi Januari, barabara kuu ya I-70 inayotoka Denver, jimboni Colorado, kuelekea magharibi huwa imekwisha kuwa mkufu mrefu wa taa nyekundu. Watu wa mjini wanapanda milimani kwenda kuteleza thelujini Keystone, Breckenridge, Copper Mountain na Vail, na vifaa vyao vya kutelezea wamevifunga juu ya paa. Theluji ikianza kuanguka, mchujo nao huanza. Gari dogo la familia linaishiwa nguvu mlimani, matairi ya mbele yanazunguka bure, na nyuma yake msururu unasimama. Pembeni linapita jingine lenye herufi AWD kwenye mlango wa buti, linapanda kana kwamba lami ni kavu. Wengi wanaolitazama likipita huamua papo hapo: gari langu lijalo litakuwa kama lile.

Dakika chache baadaye gari lile lile linaingia kwenye handaki la Eisenhower, meta 3,400 juu ya usawa wa bahari, na kutokea upande wa pili wa milima. Kutoka hapo hadi mji wa Silverthorne barabara inashuka kwa mwinamo wa asilimia 7, na kando yake kuna njia za dharura zilizotengenezwa ili kuyanasa malori yaliyokatika breki. Mbele, taa zinawaka. Dereva anakanyaga breki. Pedali inatetemeka chini ya kiatu, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unafanya kazi yake yote, na gari linaendelea kuserereka. Mchongoma ulipandwa vizuri. Ngoma ni hii ya kushuka.

Ninunue gari gani linaloweza kunifikisha thelujini mwishoni mwa juma na kunipeleka kazini siku nyingine zote? Swali hilo huulizwa kila msimu, na huko Denver na Aurora huulizwa kwa Kiswahili pia, maana Wakongo, Wakenya na majirani zao wamefanya makazi huko. Majibu karibu yote huanza na jina la gari: Subaru, Toyota, Audi. Hoja ya makala haya ni kwamba majibu hayo yameanzia mwisho. Mnunuzi aanze na matairi, kisha aje kwenye mfumo wa kuvuta, na jina la gari liwe jambo la tatu.

Kila gari lina breki nne

Magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, ambayo mafundi wetu wamezoea kuyaita fowili, yana kazi moja yanayoifanya vizuri sana: kugawa nguvu ya injini. Gari la kawaida linasukuma nguvu yote kwenye magurudumu mawili, na kila gurudumu linagusa barabara kwa kipande cha mpira kisichozidi sana kiganja cha mkono. Kwenye theluji viganja viwili havitoshi kuuhimili msukumo wa injini, kwa hiyo matairi yanazunguka mahali pamoja. Fowili inaugawa msukumo ule ule kwa viganja vinne, na gari linaondoka. Faida hiyo ni ya kweli, na anayeidharau hajawahi kujaribu kuliondoa gari kwenye kilima chenye barafu huku wenzake wakimpigia honi nyuma.

Lakini faida hiyo inaishia hapo. Breki za gari lolote, liwe la kuvuta mbele, nyuma au kote, zinafanya kazi kwenye magurudumu yote manne. Gari la bei nafuu lina breki nne. Fowili ya bei ya kuvunja mgongo ina breki nne. Mguu ukishatoka kwenye mafuta, injini haina tena cha kugawa, na kinachobaki kati ya gari na bonde ni mpira wa tairi. Kwenye kona ni vivyo hivyo: usukani unageuza matairi, na kama hayashiki, gari linakwenda lilikokuwa linakwenda. Hatari ya fowili ni kwamba inamnyima dereva onyo. Mwenye gari la kawaida huhisi utelezi mapema, matairi yanapozunguka wakati wa kuondoka, naye akapunguza mwendo. Mwenye fowili anaondoka kwa raha, anafika kilomita 80 kwa saa bila kuhisi kitu, na habari ya utelezi anaipata pale anapohitaji kusimama.

«Katika hesabu ya kusimama, hakuna mahali panapouliza injini inavuta magurudumu mangapi.»

Hesabu yenyewe ni ya fizikia ya sekondari. Chukua gari linaloshuka mteremko ule wa asilimia 7 kwa kilomita 80 kwa saa, juu ya theluji iliyoshindiliwa na magari yaliyotangulia. Tuseme tairi la kawaida linapata msuguano wa 0.2 na tairi la theluji 0.3, viwango visivyo mbali na hali halisi. Gari la kwanza litahitaji kama meta 194 kusimama, la pili kama meta 109. Tofauti ni meta 85, zaidi ya robo tatu ya uwanja wa mpira, na ndani ya meta hizo kuna bampa la mtu mwingine, pengine na watoto wake kiti cha nyuma. Badilisha tarakimu upendavyo, pima barafu tupu badala ya theluji, mwelekeo wa jibu ni ule ule.

Mpira unaoganda kama mafuta ya nazi

Kila mtu wa pwani anajua mafuta ya nazi yanavyokuwa asubuhi ya kipupwe: chupa uliyoiacha ikimiminika jana, leo unaichokoa kwa kijiti. Mpira wa tairi la kiangazi una tabia inayofanana na hiyo. Joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi unaanza kuwa mgumu, na mpira mgumu hauwezi kujibonyeza kwenye vijishimo vya barabara. Tairi la theluji limetengenezwa kwa mchanganyiko mwingine, unaobaki laini kwenye baridi kali. Usoni limechanjwa chale nyembamba nyingi mno, ambazo hufunguka na kuuma barafu kila tairi linapozunguka. Kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vilivyoinuka, ni ndefu na zina nafasi kati yake kwa sababu maalumu: theluji hujishindilia humo, na theluji hushikana na theluji vizuri kuliko mpira unavyoishika.

Ubavuni mwa tairi ndimo mwenye kuelewa anamosoma. Herufi M+S, zinazosimama kwa matope na theluji, huwekwa na kiwanda chenyewe kwa kuangalia umbo la kashata. Hakuna jaribio la thelujini linalolazimishwa. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati ndiyo inayodai tairi lipimwe thelujini na kufaulu. Matairi mengi ya misimu yote yanayokuja na fowili mpya kutoka dukani yana herufi zile, hayana mlima. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopunjwa bila mtu yeyote kuvunja sheria: wamelipia mfumo wa kupandia, wamepewa matairi ya mjini.

Nguvu ya matangazo imesaidia kuficha jambo hili. Mwaka 1986 kampuni ya Audi ililipandisha gari lake la 100 CS quattro juu ya mnara wa kurukia wa Kaipola, Finland, na tangazo lile likaingia katika kumbukumbu za dunia. Mwaka 2019 ikafanya jambo kama hilo Kitzbühel, Austria, kwa gari la umeme la e-tron lililopanda sehemu yenye mwinamo wa asilimia 85. Lile la 2019 lilivalishwa matairi yenye misumari yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Watazamaji walikumbuka jina la mfumo. Matairi hawakuyaangalia.

Sheria ni sakafu

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba sheria yenyewe imeitambua fowili. Ni kweli. Tangu 2019 Colorado inataka kila gari linalopita I-70 kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, liwe na vifaa vya kushika barabara. Fowili inaruhusiwa kupita ikiwa matairi yake yana kina cha kashata kisichopungua inchi 3/16, kama milimeta 4.8. Gari la kuvuta kwa magurudumu mawili linatakiwa liwe na matairi ya theluji au ya M+S yenye kina hicho, au libebe minyororo. Hali ikiwa mbaya zaidi, idara ya uchukuzi ya jimbo inaweza kutangaza amri ya minyororo kwa magari yote madogo, na hapo fowili yenye kashata za kutosha inasamehewa. Anayekamatwa bila vifaa hulipa faini inayozidi dola 130. Akiziba barabara, inazidi dola 650.

Soma tena sharti lile: hata fowili inadaiwa kina cha tairi. Waliotunga sheria walijua kwamba mfumo bila kashata ni nguvu inayozunguka hewani. Isitoshe, lengo lao kuu ni barabara isizibwe, na gari linaloziba barabara ni lile lililoshindwa kupanda. Sheria haikuahidi kwamba atakayeruhusiwa kupanda atasimama salama upande wa pili. Sehemu nyingine zimekwenda mbele zaidi. Quebec, nchini Kanada, inalazimisha matairi ya theluji kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, inayatambua matairi yenye alama ya mlima pekee wakati barabara ina theluji au barafu. Ufaransa nayo ilifuata mkondo huo Novemba mwaka huo kwa maeneo yake ya milimani, ikiacha nafasi ya minyororo. Hakuna hata moja kati ya sheria hizo tatu inayomsamehe mtu kwa sababu gari lake linavuta kote.

Fowili si kitu kimoja

Baada ya matairi, mfumo wenyewe unastahili kuangaliwa, maana herufi zile nyuma ya buti zinafunika mitambo iliyo tofauti kabisa. Ule wa kizamani, unaojulikana vizuri kwa wenye Hilux na Land Cruiser za kazi, unaunganisha ekseli mbili kwa kulazimisha zizunguke sawasawa dereva anapovuta kijiti au kubonyeza kitufe. Kwenye matope ya mfinyanzi hauna mpinzani. Kwenye lami kavu haufai, kwa sababu gari likikata kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na mitambo isiyo na difu ya kati hujikaza mpaka kitu kivunjike. Barabara ya I-70 hubadilika kutoka kavu kuwa theluji na kurudi kavu ndani ya kilomita chache, na mitaa ya Denver huwa mikavu kwa sehemu kubwa ya majira ya baridi, kwa kuwa jua lake huyeyusha theluji upesi. Kwa mtu wa matumizi haya mawili, mfumo wa kuwasha na kuzima ni chaguo baya hata kama gari lake linaonekana la kibabe.

Aina ya pili hufanya kazi wakati wote. Subaru imejijengea jina kwa mfumo huo, na asili yake inaeleza mengi: Leone ya 1972 ilitokana na haja ya kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, iliyotaka gari la mafundi lenye staha kuliko jeep lakini lisilokwama thelujini. Outback, Forester na Crosstrek za leo hupeleka nguvu mbele na nyuma muda wote, na tumbo lake limeinuka milimeta 220 hivi kutoka ardhini. Aina ya tatu ni ile inayovuta mbele kwa kawaida, kisha klachi ya umeme ikapeleka nguvu nyuma utelezi unapotokea au unaponusika. CR-V ya Honda ni mfano. Na ya nne ni ya haibridi kama RAV4, ambayo haina kabisa propela ya kwenda nyuma: mota ya umeme ya kilowati 40 hivi imekaa kwenye ekseli ya nyuma na kusukuma inapoitwa.

Mashabiki wa Subaru watasema aina mbili za mwisho ni fowili ya kubabaisha. Kwenye uwanja wa kuegesha wenye theluji ya magotini, mlimani, wana haki: mfumo wa kudumu na tumbo lililoinuka vitakutoa pale ambapo mota ndogo ya nyuma itahema. Lakini barabara za kwenda kwenye vituo vya michezo hupitiwa na magreda usiku na mchana, na katika theluji ya kimo cha vidole, tofauti ya mifumo hii ni ndogo kuliko tofauti ya matairi. Upande wa pili wa mizani kuna siku zote zile za kwenda kazini. RAV4 haibridi ya mwaka 2024 ilitumia kama lita 5.9 kwa kilomita 100 kwa vipimo vya serikali ya Marekani. Outback ya injini ya kawaida ya mwaka huo ilikaribia lita 8.4. Mtu anayepanda mlimani mara kumi kwa mwaka hulipa tofauti hiyo kila anapokwenda sokoni.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Kwenye handaki la Eisenhower hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na taabo hupoteza zaidi ya robo ya nguvu iliyokuwa nayo ufukweni. Gari lililojaa watu watano na mizigo juu ya paa, lenye injini ndogo isiyo na taabo, litapanda likilalama hata kama magurudumu yote yanavuta. Taabo hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo, na mota ya umeme haihitaji hewa kabisa. Kabla ya kusaini, mnunuzi wa Denver afanye jaribio la kuendesha mlimani, si kuzunguka mtaa wa duka.

Gharama, na anayesema hana nafasi

Pingamizi zito zaidi ni la mfuko: seti mbili za matairi ni fedha, ni stoo ya kuyahifadhi, ni siku mbili kwa mwaka za kuyabadilisha. Familia inayoishi ghorofani haina pa kuyaweka. Pingamizi hili si la kupuuzwa. Lakini tulinganishe. Kuongeza fowili kwenye RAV4 au CR-V ya kawaida Marekani kumekuwa kukigharimu kama dola 1,400 hadi 1,500. Matairi manne ya theluji kwa gari la ukubwa huo kwa kawaida hugharimu chini ya hapo, na wakati yanatumika, yale ya kiangazi yamepumzika na hayaliki. Fowili ina gharama zake za siri pia: watengenezaji wengi hawataki matairi manne yapishane sana kwa kina, kwa hiyo msumari mmoja unaweza kukununulisha matairi manne badala ya moja. Kwa asiye na stoo, yapo matairi ya mwaka mzima yenye alama ya mlima, kama CrossClimate 2 ya Michelin. Hayafikii tairi kamili la theluji kwenye barafu, lakini yameliacha mbali lile la M+S tupu.

«Msumari mmoja unaweza kukununulisha matairi manne.»

Na kwa anayepanda mara mbili tu kwa msimu, kuna basi la Snowstang na treni ya Amtrak ya kwenda Winter Park. Gari la theluji lisilohitajika ni mkopo usiohitajika.

Tairi lililovuka bahari

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam asidhani haya hayamhusu. Japani ilipitisha sheria dhidi ya matairi ya misumari mwaka 1990, kwa kuwa yalikuwa yakiichimba lami na kujaza vumbi mijini, na viwanda vyake vikabobea kwenye tairi la theluji lisilo na misumari. Ubavuni huandikwa STUDLESS. Magari yaliyotumika yanayoshushwa bandarini kwetu wakati mwingine huja yamevaa matairi hayo, na ukiyatazama yanavutia: kashata ndefu, yanaonekana mapya. Lakini ule ulaini uliotengenezwa kwa baridi ya Hokkaido, juu ya lami ya nyuzi 50 unakuwa kama ubani: unalika haraka, unayumba kwenye kona na kurefusha breki. Ni somo lile lile la I-70 likisomwa kutoka upande wa pili. Gari lilelile zuri, kwa tairi lisilo la mahali pake, ni gari jingine.

Anunue lipi?

Anayeishi Denver, anayepanda mwishoni mwa baadhi ya majuma na kurudi kwenye barabara kavu, RAV4 haibridi au fowili ya kuitwa kama CR-V inamtosha, mradi seti ya matairi yenye alama ya mlima iwe ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza. Anayepanda kila wiki kabla magreda hayajapita, au mwenye nyumba juu ya njia isiyosafishwa, Outback au Forester itamlipa. Na yule mwenye Corolla nzima ambayo amemaliza kuilipia asiiuze: anunue matairi manne ya theluji, aweke minyororo kwenye buti na ajifunze kuifunga akiwa uani kwake, si gizani kando ya barabara. Akishuka Silverthorne, atasimama mapema kuliko fowili iliyovaa matairi ya mjini.

Sheria ya I-70 huanza kushika Septemba 1, na siku ya theluji ya kwanza maduka ya matairi hayana nafasi. Nenda kabla ya siku hiyo. Chukua kipimo cha kina cha tairi, pima yote manne, na lolote lililo chini ya milimeta 4.8 usipande nalo.